Potwe Aliyecheleweshwa

Quitunda, Palma
9 Desemba 2025

Mpendwa kaka Tuaibo,

Assalam aleikum. Naomba barua hii ikukute mzima, wewe na wifi Neusa na watoto, na mgongo wako uwe umekuacha ulale. Najua Lisboa sasa ni baridi. Vaa ile fulana niliyokushonea hata kama wanao wanaicheka. Sisi huku hatujambo. Mihogo ya shamba jipya imeshika, kikohozi kimemwacha shemeji yako Rajabo, na nyumba yetu ya bloku inatuoka mchana kama mikate. Tumezoea.

Ahsante kwa zawadi yako. Ulisema nimeshona nguo za watu maisha yangu yote, sasa niende kisiwani kwetu kama mgeni, nilale kwenye kiti kirefu, nioge na papa potwe. Nimekwenda na nimerudi. Nimerudi nimechafukwa na moyo, wala sifanyi mzaha: mpaka leo samaki akipikwa hapa ndani, mimi natoka nje.

Najua mdogo wetu Abibo ameshakupigia kukwambia nimemkatia wavu. Ni kweli, nimeukata. Najua pia amekuomba umtumie mwingine, mnene zaidi, na kwamba hujampa jibu. Kabla hujamjibu, nisome mimi kwanza. Nakuandikia badala ya kupiga simu kwa sababu ukinisikia nina hasira unacheka, nami nikisikia kicheko chako nasahau nilichotaka kusema.

Abibo amejenga vibanda vya makuti palepale mama alipokuwa akianika dagaa. Wageni wake ni watu wa kazi za gesi wakiwa mapumzikoni, na marafiki zao wa Maputo na ng'ambo. Sina neno nao. Baada ya miaka ile ya kukimbia vita na mafurushi kichwani, ni jambo jema kuona watu wanakuja kwetu kwa furaha, na vijana wa kisiwa wana kazi. Lakini kaka, wifi yangu Sumaia, mke wa Abibo, aliniletea maji ya kunawa akaniita senhora, kama bibi wa Kireno, eti mumewe kaamuru kila mgeni aitwe hivyo. Tulicheka mpaka maji yakamwagika. Hicho ndicho kicheko changu cha mwisho kule.

Jioni niliwekewa samaki mbichi. Si mbichi kidogo, mbichi kabisa, kakatwa vipande vyembamba na kukamuliwa ndimu. Nikala wali mtupu. Halafu Abibo akaniletea mapazia ya vibanda nimkunjie pindo, kwa kuwa fundi nipo. Hiyo ndiyo likizo uliyonilipia. Basi ndivyo mkasi wangu ulivyokuwa kapuni asubuhi tulipopanda boti, na unajua mimi na mkasi wangu hatuachani.

Kabla ya boti tulivishwa nguo za mpira zinazobana mwili mzima. Yangu ilikuwa bado majimaji ya mtu mwingine, na si jasho peke yake. Nimelea watoto watano, harufu ya mkojo siulizi kwa mtu. Nikajifunga kitambaa changu cha kapulana juu yake, nikakaa. Akaja Abibo na miwani ya kuogelea, akaitemea mate ndani, akayapaka kwa kidole gumba, akanipa nivae. Ati ukungu hauingii. Mate ya ndugu ni mate ya ndugu, lakini ni mate.

Tulipofika karibu na ghuba, wakafungua ndoo. Matumbo ya samaki na dagaa waliooza, yamekaa juani siku nzima, yana funza. Abibo akawa anachota kwa kata na kumwaga baharini ili potwe wapande juu, halafu humo humo kwenye uji huo akawaambia wageni warukie. Wakaruka, wanacheka. Mama mmoja alitapika majini, matapishi yakampita mwenzake shingoni, yeye akayasukuma kwa mkono na kuendelea kupiga picha. Nikasema moyoni, kama Tuaibo angeniona hapa, angedai arudishiwe fedha zake.

Lakini hayo yote ningeyanyamazia. Ningekuandikia kwamba bahari ilikuwa nzuri, nawe ungefurahi.

Ndani ya ghuba niliona maboya ya wavu. Nikamwuliza Abibo wavu unafanya nini pale wakati watu wanaogelea. Akachota kata nyingine. Tulipokaribia nikamwona mwenyewe, potwe, mkubwa kupita boti, madoadoa yake yote juu ya maji. Wavu ulikuwa umemzonga pezi na mkia, akawa anazunguka mahali pamoja. Ngozi ilikuwa imechubuka mpaka nyama nyeupe inaonekana, na povu la utelezi limemganda ubavuni. Aliingia tangu jana yake asubuhi. Wageni waliokuwa wafike jioni ile walichelewa, basi akawekwa. Nasema akawekwa, kama chakula.

Mwanamume mmoja alimshika mkia apigwe picha. Mwingine akamkanyaga mgongoni kwa mguu mmoja, kama mtu anayejaribu kama kitanda ni kigumu. Potwe hana la kumfanya mtu, hana hata meno ya maana. Alikuwa akifungua mdomo na kuufunga, na mdomoni mnaingia ule uji wa ndoo.

Nikamwambia Abibo akate. Wewe na mimi hatukuhitaji kufundishwa jambo hili: potwe akiingia wavuni, wavu unakatwa papo hapo, uwe mpya uwe wa kuazima, na kabla haujakauka kila nyumba ya kisiwa inaleta uzi wa kuushona. Ndiyo maana hakuna aliyewahi kuogopa kukata. Unakumbuka siku baba alipokata wa kwake. Walikuja hata wale waliokuwa hawasemezani na mama, na bibi Atija, ambaye hakuwa na kitu, alifumua gunia akaleta nyuzi za gunia. Wewe ndiye uliyekuwa ukishika ncha ya wavu.

Abibo akanivuta pembeni ya boti, akaongea kwa sauti ya chini.

"Mana Ancha, dada yangu, hawa turista wametoka mbali. Mila yasema tusimuue. Mie simuui, namchelewesha tu."

Namchelewesha tu. Kaka, hapo ndipo kinyaa kiliponishika kweli. Matumbo na mate na mkojo vinaoshwa. Lakini huyu nimembeba mgongoni mimi, nimemfundisha mimi kuogelea ghuba ileile, na sasa anaishika mila ya baba kwa ncha za vidole, anatafuta mahali ilipopasuka apite.

Nilichukua mkasi kapuni, nikaruka na kapulana yangu.

Nitakwambia ukweli, niliogopa. Sijaogelea tangu kabla ya vita, na mnyama yule akigeuka anakusukuma bila kukusudia. Uzi wa nailoni ulikuwa mgumu, mkasi wa kitambaa unateleza, nikawa nakata tundu mojamoja kwenye pezi huku namwomba Mungu na kumeza yale maji. Nililiona jicho lake, dogo kama kifungo cha koti. Wageni walidhani ni sehemu ya onyesho, wakanipiga picha. Mkia ulipoachia, alinipita taratibu, ngozi yake ikanikwaruza paja kama jamvi, akazama. Basi ulitaka nioge na potwe. Nimeoga.

Mmoja wa wageni alilalamika kwamba zamu yake ilikuwa haijafika. Abibo akamwomba radhi kwa Kireno kizuri. Mimi, tulipofika nchi kavu, aliniambia nimemwaibisha kazini.

Wavu waliutandaza mchangani. Nikakaa kando yake, nimelowa, nangoja. Nilijua watakuja. Wanawake wakapita na ndoo zao, wakanisalimu kwa adabu zote, wakaniuliza habari za Quitunda na za mume wangu Rajabo, wakaenda zao. Waume zao na watoto wao wanapata riziki kwenye vibanda vya Abibo, siwalaumu sana. Lakini kaka, wavu ulikauka. Nimeona mengi katika nchi hii na nimelala porini na watoto, wala sikujua kama wavu ukikauka unaweza kumwumiza mtu namna ile.

Baadaye alikuja Sumaia peke yake. Alikuwa ameficha kibunda cha uzi ndani ya kapulana kama mwizi, na ni wavu wa mumewe. Hakuniita senhora. Tulishona mpaka uzi ukaisha, na tundu bado ni kubwa, mtu mzima anapita.

Kwa hiyo kaka, ninachokuomba ni hiki. Usimtumie Abibo wavu. Ukimtumia mnene, siku nyingine hakuna mkasi utakaoukata, na wewe ndiye utakayekuwa umemshika potwe yule, kutoka huko huko Lisboa. Na usimgombeze kwa simu, atakusikiliza vizuri na atafanya vilevile. Tuma uzi. Kibunda kimoja tu, lakini uandike jina lako juu yake, na kiende kwa Abibo mwenyewe mbele ya watu, si kwangu. Nyumba yako ni ya kisiwa hiki hata kama ina baridi. Wakiona nyumba ya mbali kuliko zote imeleta, wengine watakosa la kusema, nao wataleta wa kwao.

Nisalimie wifi Neusa, mwambie kitambaa chake nimeshaanza kukikata, kwa mkasi mwingine, kwani ule umeshika kutu. Wabusu Milton na Olívia, na mzee Hamido jirani yako wa Mocímboa mpe salamu zake. Rajabo anasema uje kabla mihogo haijazeeka ardhini. Mwenyezi Mungu akulinde ugenini, akupe riziki isiyokutia kinyaa.

Ni mimi dada yako nikupendaye, hata ninapokupa kazi,

Ancha

N.B. Humu ndani ya bahasha nimekuwekea kipande cha ule wavu, uone unene wa uzi, ununue unaofanana. Nimekifua kwa sabuni mara nyingi, harufu haitoki.