Niliwaambia Umepona

Paskali mwanangu,

Naandika mwenyewe. Katekista alitaka kuniandikia nikamwambia kalamu nipe mimi. Shule niliiacha darasa la pili, lakini kisomo cha watu wazima nilikuwa wa kwanza, na wewe unajua, maana kile cheti nilimwonyesha kila mgeni aliyeingia nyumbani mpaka ukawa unanicheka. Leo ni siku ya tatu niko kwenye barua hii. Mkono unauma kuliko wakati wa kuvuna.

Barua ni yako, ila sijaifunga. Jumapili itasomwa kanisani. Watu wa Mbulumbulu wamesikia majigambo yangu miaka yote, basi wasikie na hili.

Unakumbuka siku ile ya kreta? Ilikuwa masika, watalii wa kuwaendesha hakuna, bosi wako akakuruhusu utuchukue na gari mimi na mama yako. Nimezaliwa huku juu, nimelima ngano pembeni mwa msitu ule maisha yangu yote, nyati na tembo wake wamekula jasho langu, lakini ndani ya kreta nilikuwa sijawahi kushuka. Mama yako alijifunika uso kwa kanga mpaka tukafika chini. Mimi nilisimama pale paa lilipofunguliwa, nikawa natangaza majina ya wanyama kama mnadani.

Ukaniambia taratibu, "Baba, shusha sauti. Simba wale wana watoto."

Nikakujibu, "Wanisikie. Wajue Mzee Gwandu amekuja."

Ulicheka mpaka ukasimamisha gari. Mama yako akasema chini ya kanga, "Paskali, mrudishe huyu mzee nyumbani kabla hajaliwa." Na pale tulipokaa kula, karibu na viboko, mwewe alishuka akaninyang'anya yai mkononi. Ukasema ndiye kiumbe pekee aliyewahi kumpokonya kitu Mzee Gwandu. Nilikasirika kidogo. Sasa hivi ningetoa ngano yote ya mwaka huu nikuone tena ukicheka vile, hata kama unanicheka mimi.

Hapohapo ukatoa kadi mbili. Ukasema umetuandikisha kwenye bima ya kazini kwako, wazazi wote wawili: hospitali, dawa, macho, hata daktari wa akili wa kuongea naye kwa simu. Nikakwambia mimi sijawahi kuugua, na kichaa katika ukoo wetu hakuna. Hukubishana. Ulinitumbukizia kadi kwenye mfuko wa shati, ukaupigapiga mfuko kwa kiganja.

Kisha ukaja ule ukungu. Gari lako liliviringika asubuhi kule ukingoni, na Joseph, mpishi wenu, rafiki yako wa kulala chumba kimoja, akafia mikononi mwako. Polisi walisema si kosa lako. Kampuni ikasema hivyo hivyo. Ukaja nyumbani kwa likizo ya ugonjwa, mikono mizima, miguu mizima, nami nikaona mtu mzima asiye na jeraha.

Nikakupa dawa niliyoijua. Nikakwambia wazee wetu walikuwa na desturi yao: mtu aliyeguswa na kifo anakaa kando mwezi mmoja, hachanganyiki na watu, kisha anaoga anarudi kazini. Ukakubali. Mwezi ukapita, na wa pili ukapita. Ulikuwa unaanza kumenya kiazi unakiacha nusu, umekishika tu mkononi. Mama yako alikuwa anakuja anakichukua, anamalizia kumenya.

Kumbe wewe ulijitafutia mwenyewe. Ulipiga ile namba ya nyuma ya kadi, ukaeleza, wakakupa daktari mwanamke aliyeko Dar. Kila Alhamisi saa kumi. Dawa uliteremka kuzichukua Karatu mjini kwa kadi hiyohiyo. Nyumbani sauti ya simu inafika kwa shida, tena dirishani tu, na picha haifiki kabisa, basi ukawa unapanda kwenye lile jiwe la juu ya shamba. Ulikuwa unavaa shati safi kwenda kukaa juu ya jiwe. Mimi nilikuwa nakuangalia kutoka zizini, nikitikisa kichwa.

Lakini Alhamisi ya sita ulishuka ukala sahani nzima. Kesho yake ukawapigia ng'ombe mluzi kama zamani. Niliuona ule mluzi unarudi, Paskali. Naandika kwamba niliona, nisije siku moja nikajidanganya kwamba sikuona.

Sasa lisikie kosa langu. Jumanne nilipeleka mahindi mashineni. Pale kuna watu, unawajua. Jirani yetu mmoja, simtaji, akasema kwa sauti, "Mzee Gwandu, tembo ulifukuza wewe, mwanao anamlilia mwanamke wa kwenye simu." Mwingine akadakia, "Akimaliza kulia atakuja kulima?" Wakacheka wote, hata mwenye mashine.

Mimi nilisimama mbele ya tembo watatu na debe na kijinga cha moto, sikurudi nyuma hata hatua moja. Kijiji kizima ni shahidi. Sijawahi kukimbia kitu chochote chenye miguu. Lakini kicheko cha mashineni kilinishinda. Nikawajibu, "Mwanangu hana kitu. Wiki hii anamaliza."

Jumatano ulipeleka ng'ombe mtoni, simu ukaiacha dirishani. Saa sita mchana ikalia. Nikaipokea. Katika nyumba hii nani mwingine angepokea? Mimi ndiye niliyewasemea ninyi kliniki, shuleni, kwa mtendaji, kila mahali. Binti wa bima akanisalimia vizuri, shikamoo na yote, akauliza kama Paskali atakuwepo kesho saa kumi.

Nikasema, "Amepona."

"Ahaa. Nani mwenzangu?"

"Baba yake. Amepona, anarudi kazini. Futa jina, na msipige tena."

Akauliza kama nina hakika. Mimi, mwanangu, lini umewahi kunisikia sina hakika? Akafuta. Nikairudisha simu pale dirishani, nikaigeuza kama ulivyokuwa umeiacha. Hapo ndipo ninapojishitaki zaidi, pale nilipoigeuza.

Alhamisi ulivaa shati ukapanda. Mvua ilikuwa inatishia kunyesha, ikanyesha. Nilikuwa zizini. Saa kumi ilipita na saa kumi na moja ikapita, na wewe umeinama juu ya ile simu, umeifunika kwa koti isilowe, mgongo wako ndio unalowa. Ningeweza kupanda. Si mbali, hata hatua mia tatu hazifiki. Nilijiambia acha, leo kinaisha hiki, kesho atakuwa mtu.

Ulipoingia mama yako akakuuliza, "Vipi leo?"

Ukasema, "Imeandikwa miadi imefutwa."

"Si upige uulize?"

"Wana watu wengi, mama. Hata wao nimewachosha."

Mimi nilikuwa mlangoni nashona kamba ya plau. Sindano ilikuwa mkononi, ulimi ulikuwa mdomoni. Sikusema.

Jumapili ulijiua. Katekista alilizunguka neno hilo kaburini, kwa kutuonea huruma. Mimi silizunguki.

Wiki ya tatu baada ya mazishi simu yako ikalia tena pale dirishani. Safari hii ni daktari mwenyewe, ametafuta namba kwa utashi wake, anauliza unaendeleaje kazini. Nikamwambia umekufa, na jinsi. Kisha akasema, "Tuliletewa taarifa kwamba amepona."

Nikamuuliza, "Nani aliwaambia?" Nilimuuliza hivyo, Paskali. Kama mtu asiyejua.

Akasema waliandika tu kwamba ni mtu wa familia. Akatupa pole. Akasema majina yetu bado yako kwenye kadi yako mpaka mwaka wa bima uishe, na nafasi yako ya Alhamisi anaweza kutupa mimi au mama. Mama yako akauliza kutoka jikoni ni nani. Nikasema watu wa kampuni.

Maana mama yako alikuwa amekwisha kuwahukumu. Kwake yeye, daktari yule ndiye aliyemfungia mwanawe mlango siku ya mvua. Aliwalaani jikoni, aliwalaani njiani kwenda kanisani, na mimi nilikuwa natembea pembeni yake kimya, laana zinanipita sikioni kwenda Dar, na mwenye kosa niko hapa. Akaacha kula. Jioni anachemsha maji yako ya kuoga, anayaweka pale pale, yanapoa, anayamwaga. Nguo zikaanza kumzidi. Nikamwambia kula, akasema ameshakula. Kisha siku moja, anafungia kuku, akasema bila hata kuniangalia, "Baba Paskali, nimechoka kuwachosha watu."

Ni maneno yako yale.

Basi Alhamisi nikaenda mimi jiweni na simu yako. Nilifikiri nitamsemea na yeye, kama kawaida yangu. Daktari akatokea kwenye kioo, mdogo tu, umri wako, ana miwani. "Shikamoo mzee." Nikaanza na ile habari ya tembo, ili ajue anaongea na nani. Akasikiliza mpaka mwisho. Kisha nikamwambia shida ya mama, nikasema nipe dawa nimpelekee.

"Mzee, dawa siwezi kutoa kwa mtu ambaye sijaongea naye. Yeye mwenyewe anataka kuongea nami?"

"Hataki. Anasema mlimfungia mwanawe mlango."

"Hatukumfungia."

"Najua."

Akauliza, "Unajuaje, mzee?"

Nikamwambia mtandao unakatika, nikaizima. Mtandao haukuwa unakatika. Ulikuwa mzuri siku ile kuliko siku zote.

Wiki mbili nilibeba lile swali. Ukilima linakuja, ukikamua linakuja. Nikaona mambo yamekaa hivi: nikisema, nampoteza mama yako akiwa hai. Nisiposema, namzika pembeni yako. Ukilitazama vizuri hapo hakuna la kuchagua, lakini mtu mwenye kiburi anaweza kulitazama wiki mbili.

Nikamwambia mchana, yuko uani anachambua maharage kwenye ungo. Sikukaa. Nilisema, "Mama Paskali, wale hawakumfungia mtoto mlango. Walipiga Jumatano, mimi nikapokea. Nikawaambia amepona." Nikamweleza na habari ya mashineni, maneno yote, na jinsi nilivyoigeuza simu.

Hakupiga kelele. Aliendelea kuchambua, jiwe huku, maharage huku, mpaka ungo ukaisha. Akasimama, akajikung'uta. Akauliza, "Simu iko wapi?"

Ndiyo maneno ya mwisho aliyoniambia, na sasa ni wiki ya nne. Chakula ananiwekea, maji ananiwekea, salamu hakuna. Shuka lake amelihamishia chumbani kwako. Simlaumu. Lakini Alhamisi ya kwanza alivaa lile gauni la kijani ulilomletea kutoka Arusha, akapanda jiweni polepole, akishika magoti. Sijui alisema nini kule juu. Labda ananisema mimi. Amseme huyo mzee mpaka ammalize. Alhamisi ya pili alirudi na jina la dawa kwenye karatasi, akapanda bodaboda mwenyewe mpaka Karatu. Juzi nilimwona amesimama jikoni anakula kiazi, kizima, na ganda lake.

Mimi daktari ameniambia Alhamisi ni ya mama, na mimi nipewe Jumatatu. Nimepanda mara mbili. Mara ya kwanza nilimjibu lile swali lake la unajuaje. Sikuizima. Bima yako itaisha mwaka ukiisha na sijui tutafanyaje baada ya hapo, lakini mpaka sasa, mwanangu, wewe ndiye unayetulisha dawa. Wewe uliyefutwa na mimi.

Wazee wenzangu mtakaosomewa hii: mtoto akipanda jiweni mwacheni apande. Sina hekima nyingine.

Jana ilikuwa Jumatano. Saa sita simu ililia dirishani, nami niko peke yangu ndani. Mama yako alikuwa kule juu karibu na jiwe lako, mwisho kabisa wa shamba la maharage. Wewe unanijua, mimi sikimbii. Mbele ya tembo sikukimbia. Niliichukua ikiwa inalia hivyohivyo, sikubonyeza kitu, nikatoka nayo. Nilikimbia katikati ya ngano, kofia ikaanguka nikaiacha, simu ikakatika ikaanza kulia upya, watu wa barabarani wakasimama wakitazama, mmoja akaita, "Mzee, umefukuzwa na nini?" Nikampelekea ikiwa bado inalia.

Akafuta udongo mikononi akaipokea. Nikasogea mbali, nisisikie.

Pumzika, Paskali. Na Joseph umsalimie.

Ni mimi baba yako, niliyekimbia jana.