Shangazi Lesieli na bakuli la faikakai

Pesi umelala? Amka, nikusimulie ya leo.

Unajua mama tangu akutwe na sukari alikuwa analala tu na kulia. Juzi juzi ndo kaanza kuamka, anajipima mwenyewe, anakula samaki na majani ya magimbi, hata anacheka.

Sasa leo baada ya kanisa Shangazi Lesieli kamsukumia bakuli zima la faikakai, madonge ya unga yanaogelea kwenye shira ya sukari. MBELE YA WATU. "Wifi, kula! Au siku hizi chakula chetu kinakutia kinyaa?"

Na kwetu shangazi ndiye mkubwa kwa watoto wa kaka yake na kwa mke wa kaka, hakataliwi, si unajua. Baba kaangalia mkeka. Mama kashika kijiko, machozi yanamlenga.

Pesi, MIMI, nisiyeongea hata darasani, nikatambaa mpaka kwa Bibi Kalolaine, shangazi yake Shangazi, yule aliyekatwa mguu kwa sukari. Nikamnong'oneza habari ya lile bakuli.

Bibi akasema taratibu, "Lesieli mwanangu, vuta hilo bakuli. Kula wewe. Lote."

LOTE Pesi!! Na yeye shangazi yake hakataliwi!

Shangazi Lesieli alishashiba nyama ya nguruwe. Kila akipumua, Bibi anamwambia, "Bado." Mama huyo, karudi kwa samaki wake.

Mimi nikainuka kwa adabu, nikamwongezea Shangazi shira.