Mama Akae Mezani

Tarehe 4 Mei

Mdogo wangu mpenzi,

Nisamehe. Barua yako imekaa juu ya kabati wiki tatu, na kila nikiipita naiambia, "Leo." Leo mtoto ana homa ya meno, kesho nguo zimejaa beseni, keshokutwa nikaketi na kalamu, usingizi ukanipitia hapo hapo. Nimeamka nina wino mpaka sikioni, fundi cherehani jirani ananiuliza nimegongwa muhuri na ofisi gani.

Hujambo lakini? Mgongo unaendeleaje na hicho kiti cha kiwandani? Bado unashona kola, au wamekuhamisha? Nisalimie mchumba wako fundi umeme, mwambie asinenepe, suti imeshakatwa. Sisi tunashukuru. Mtoto, Bosi wetu, ana meno mawili na anayatumia, bega langu ni shahidi. Mama ni mzima, ila goti linamsumbua kwenye ngazi. Yeye anasema goti halina neno, ngazi ndizo zimezeeka.

Nakuandikia badala ya kupiga simu kwa sababu nyumba ni vyumba viwili, na Mama anasikia hata mtu akikohoa kwa siri. Na habari yenyewe inamhusu.

Mpishi wa ukumbi, yule wanayemwita Jenerali, anataka jibu. Chakula cha harusi yako kiwe bufe, watu wapange foleni wajipakulie, au kila mtu aketi aletewe sahani yake mezani? Kaniambia, "Dada, kwa bufe nahitaji kujua ni watu kama wangapi. Kwa sahani nahitaji kujua ni watu wangapi."

Basi nikajitia msomi. Nikakata kadi, nikaandika kila moja: Weka alama moja, kuku au samaki. Nikazigawa kwa wageni wote. Majibu ndiyo haya. Karibu nusu wameweka alama zote mbili. Mama Mdogo kaweka alama mbili, halafu kachora sahani ya tatu pembeni, kaandika "ya kubeba". Mjomba fundi viatu kajibu, "Nitaangalia siku hiyo." Kuna mmoja kasema hali samaki, ila anaomba awekewe karibu.

Nikacheka mpaka Bosi naye akacheka bila kujua kwa nini. Kisha nikafika kwenye kadi ya Mama. Hakuweka alama popote. Kaandika kwa ule mwandiko wake wa kubonyeza kalamu: "Mimi nitakuwa jikoni."

Hebu fikiria. Harusi gani umewahi kumwona Mama ameketi? Nimepekua picha zote za harusi yangu. Yupo kwenye moja, kiwiko tu, na upawa.

Ndiyo maana nasema sahani ziletwe. Tukiweka bufe kutakuwa na meza ndefu, na nyuma ya meza ndefu atakuwepo Mama. Sahani zikiletwa, wahudumu ni wa ukumbi, jiko ni la Jenerali, na Mama anakaa meza ya mbele kama mzazi wa bibi harusi. Hao wageni niachie mimi, nitawabana mmoja mmoja mpaka wachague. Lakini harusi ni yako. Sema neno.

Ni mimi dada yako

---

Tarehe 12 Mei

Dada,

Shikamoo, na pole na hayo meno. Mimi mzima. Wamenihamishia mikono ya mashati, kwa hiyo kutwa nzima nashona mikono ya wanaume nisiowajua. Fundi umeme anakusalimu, anasema suti ikimbana atavaa bila kupumua.

Habari za kadi nimewasomea wenzangu bwenini, wamecheka mpaka wamelia. Ya Mama sikuisoma kwa sauti.

Lakini nakuomba tufanye bufe. Nisikilize kabla hujanuna. Watu wetu unawajua. Ukimwekea mtu kipande kimoja cha kuku katikati ya sahani pana, atainua sahani aangalie kama kingine kimejificha chini. Na Mama anapenda ile kazi, Dada. Hatumwi na mtu. Unaujua uso wake mtu akirudi kuongezwa. Wewe unataka kumkalisha kama mgeni kwenye harusi ya mwanawe, naye atakaa ameng'ang'ania kitambaa cha meza kama mtu anayesubiri kuitwa na daktari.

Na nitasema na hili, kwa kuwa uko mbali huwezi kunizaba kofi. Ni nani hasa hajaketi akala tangu mwaka jana? Kila barua yako umekula umesimama, mtoto begani. Mimi naona anayetaka kuletewa sahani ni wewe.

Usikasirike.

Mdogo wako

---

Tarehe 17 Juni

Mdogo wangu,

Hujambo? Fundi umeme hajambo? Samahani tena kwa kuchelewa, ila safari hii usiyasingizie meno. Nilikasirika. Wiki nzima nilikuwa nafua kwa hasira mpaka fundi cherehani akaniuliza hizo nguo zimenikosea nini.

Hasira ilipoisha nikaona umesema kweli. Nataka kukaa. Nataka mtu aniwekee sahani mbele yangu aniambie karibu, na nisiulizwe chumvi iko wapi. Haya, nimekiri, umefurahi? Lakini kweli yako ni nusu. Nusu ya pili nimeiona Jumamosi kwa macho yangu.

Jenerali alituita tukaonje mapishi. Ningemwambia Mama "twende ukale" asingetoka ndani, nikamwambia twende ukawakague. Hapo alikuwa mlangoni kabla yangu. Na kwenye mkoba alitia upawa wake. Sikutanii.

Ukumbi ulikuwa mtupu, viti vimepandishwa juu ya meza, mtu anapiga deki. Tukawekwa karibu na dirisha. Mhudumu, binti mwembamba tu, akatoka jikoni na sahani tatu kwa mpigo. Mama huyo, kashasimama kumpokea.

"Kaa tu, mama."

"Nakusaidia, mwanangu, zitakuunguza."

"Mkono wangu umezoea. Kaa."

"Basi hiyo moja ya juu..."

Jenerali akaguta kutoka mlangoni: "Mama! Ukimpokea huyo sahani, namfukuza kazi sasa hivi!"

Mama akakaa kama aliyesukumwa. Yule binti akanikonyeza, akamwekea sahani. Kuku, wali, mboga za majani, mchuzi kwenye kibakuli. Mama akaitazama sahani yake, akatazama yangu, akatazama ya Bosi ambaye alikuwa anatafuna kona ya kitambaa cha meza. Halafu akainua kipande chake cha kuku anihamishie mimi. Nikafunika sahani yangu kwa mkono.

"Mama, hicho ni chako."

"Wewe unanyonyesha."

"Na changu ninacho. Kula."

Akala. Polepole, kama anayesoma. Alipofika katikati akaweka uma chini, akasema, wala haniangalii mimi, anaangalia dirishani: "Kumbe kikiwa cha moto ndiyo hivi."

Mdogo wangu, huyu mwanamke amewapakulia watu karamu zote za ukoo huu, na chakula chenyewe yeye amekila siku zote kimepoa, kimebaki, na sufuria zinamsubiri. Kupakua anapenda, sikatai. Lakini wewe na mimi tunajuaje kwamba hapendi kuketi, wakati hajawahi kuketi?

Sekunde tu akarudi kuwa Mama. Kamwita Jenerali, kamwambia chumvi imezidi kwenye mboga na wali umeepuliwa mapema. Jenerali akavua kofia. Sasa wanaamkiana kama mabalozi.

Ile hofu yako ya kipande kimoja nimemweleza, akacheka. Kasema sahani zikishawekwa, wahudumu wake hupita meza kwa meza na masinia ya nyongeza. Anayetaka anaongezwa pale pale alipoketi. Hakuna foleni, na hakuna atakayeinua sahani.

Kilichobaki ni Mama. Njiani nilimwambia na siku ya harusi utakaa vile vile. Kakataa. "Mbele za watu? Nikae niletewe kama nani?" Tukatembea. Karibu na nyumbani akaniuliza, kwa sauti ndogo, "Na hii mikono nitaiweka wapi?"

Mimi nikisema, ni binti mchovu analalamika. Ukisema wewe, ni neno la bibi harusi. Mwandikie. Jenerali ananipa mpaka mwisho wa mwezi, na nisipompa jibu ataweka meza ndefu.

Dada yako, aliyekwisha kukusamehe

---

Tarehe 23 Juni

Dada,

Shikamoo. Barua nimeisoma wakati wa chai, kwenye ngazi za nyuma za kiwanda. Msimamizi amenikuta na machozi, akaniuliza nimefiwa na nani. Nikamwambia sijafiwa, mama yangu amekula.

Sahani ziletwe. Mwambie Jenerali leo hii, na nyongeza zipite mara mbili, kwa Mama Mdogo mara tatu.

Ndani ya bahasha kuna karatasi ya Mama. Nimemwandikia kwamba nikiinua macho siku hiyo nataka nimwone yeye. Sitaki kuutazama mlango wa jikoni. Na mikono yake aiweke ndani ya yako, maana kiti cha pembeni yake ni chako wewe. Bosi atabebwa na baba yake. Shemeji ana mikono miwili, nimewahi kuiona.

Niambie mnapungukiwa na nini, nitume na basi la Ijumaa. Na lile neno la kofi, nisamehe.

Mdogo wako

---

Tarehe 1 Julai

Mdogo wangu,

Salamu nyingi, na za Bosi, ambaye sasa ana meno manne na adabu ile ile. Sote wazima, goti nalo limetulia.

Jenerali ameshaandika: sahani. Nilimpa jibu kabla Mama hajasema lolote, nikajikaza.

Mama aliisoma karatasi yako kasimama mlangoni. Akaikunja, akaitia kifuani, akaingia ndani kuchambua mchele. Siku ya pili akachambua maharage, mimi nazunguka nyumba kama kuku anayetaka kutaga. Siku ya tatu namvisha mtoto, nasikia, "Viti vya hiyo meza ya mbele vina mito?"

Nikasema vina mito.

"Na yule binti mwembamba ndiye atakayeleta?"

Nikasema nitamwomba Jenerali awe yeye.

Akafungua kabati lake, akalitazama muda mrefu. Unalijua lile kabati: kahawia, nyeusi, kahawia. Akasema, "Nguo zangu zote nilizinunua kwa kuuogopa mchuzi." Akalifunga. "Mwambie mdogo wako sitaki kukaa mbele na hizi."

Basi wahi basi la Ijumaa. Tunahitaji:

Vitambaa vya mikono vya mezani, vile vya mabaki ya kiwandani, hata kama havilingani.

Pini za kushonea, boksi moja. Za fundi cherehani zimekwisha kwenye suti ya mumeo mtarajiwa, kwa vipimo vipya mlivyotuma amenenepa.

Soksi za Bosi jozi mbili, zenye mpira wa kubana, za kawaida anazivua anazila.

Kitambaa cha gauni la Mama, meta nne, rangi ya siagi. Nimemwonya kwamba kwenye rangi hiyo hata tone la maji linaonekana. Kasema anajua, ndiyo maana anaitaka.

Na viatu vyake, namba thelathini na tisa. Kisigino kifupi kwa ajili ya goti, lakini viwe vya kukaa navyo, visiwe vya kusimama navyo. Hayo maneno ni yake mwenyewe.

Dada yako