Ile Nne Si Yangu

Jumatatu, 4 Agosti

Uji, dawa ya pua, kitabu cha Kemia. Nimesinzia katikati ya jedwali la elementi na kuamka mate yakiwa yamelowesha ukurasa. Kichwa kinauma, kama kila asubuhi.

Kisha majibu ya kipimo cha pili yakaingia kwenye simu ya Mama. Nikiwa usingizini, pumzi yangu hukatika mara nne kwa saa. Nne ni kawaida. Kipimo cha kwanza, cha usiku niliolala hospitalini mjini katikati ya muhula, kilisema ishirini na mbili.

Mama aliketi akalia kwa furaha. Shangazi Ruth, dada yake Baba, alipiga vigelegele kwenye simu mpaka jirani akachungulia. Mimi nilisema ni vizuri. Si vizuri. Kama ile nne ni kweli, basi mimi ni mvivu tu, kama anavyosema mwalimu wa Kemia.

Jumanne, 5 Agosti

Nimemulika koo kwa tochi ya simu, mbele ya kioo. Tonsili, yale mafindofindo yanayoziba njia ya pumzi, ni zilezile, zinakaribia kugusana. Koo langu halijasoma majibu.

Jumatano, 6 Agosti

Ujumbe kutoka kwa Brayo, anayelala kitanda cha juu yangu bwenini: "Niaje Kombaini, ulipona ama tununue pamba za masikio?"

Bwenini naitwa Kombaini, kama zile mashine zinazovuna ngano kule Njoro. Nikianza kukoroma mtu husema mavuno yameanza, wanacheka. Kisha nanyamaza ghafla, na hapo hawacheki. Muhula uliopita Brayo alinitingisha akidhani nimekufa.

Sijamjibu. Nimwambie nini? Kwamba yote ni uongo, kwa sababu nambari imesema?

Alhamisi, 7 Agosti

Mama anataka kufuta operesheni. Daktari alikuwa ameshasema tonsili zitolewe. Kipimo cha pili, cha kifaa kidogo cha kubeba nyumbani, alikitaka tu ili awe na uhakika. Kesho tunaenda kumwambia haina haja. Na Jumapili nasimama kanisani kutoa ushuhuda kwamba nimeponywa. Shangazi ameshaongea na pasta. Hakuna aliyeniuliza.

Nimekasirika. Nimekaa nikaukumbuka usiku wa kipimo cha pili hatua kwa hatua.

Mkanda kifuani, mrija puani, kibanio kidoleni. Nikalala chali, Mama akabonyeza kitufe. Mara Shangazi akaingia na kina mama wa kikundi chake cha maombi, wametoka mtaa wa Rhonda, ng'ambo ya mji, mpaka huku kwetu Lanet kwa ajili yangu. Wakazunguka kitanda. Shangazi akaniambia nifunge macho, nisitingishike, nisije nikaharibu waya. Sikutingishika. Walikesha wakiomba kwa zamu, vikombe vya chai vikipita juu ya miguu yangu. Waliondoka kukikaribia kupambazuka. Nililala kidogo, Mama akaja kuzima kifaa.

Nilikuwa macho karibu usiku mzima, nimelala kama gogo. Kifaa kilijuaje kwamba siko usingizini?

Ijumaa, 8 Agosti

Daktari aliipenda ile nne. Mama aliongea. Mimi niliangalia viatu vyangu. Tukatoka. Tulipofika kwenye ngazi niligeuka nikarudi peke yangu, nikaingia bila kubisha. Sijawahi kufanya hivyo maishani.

Nikauliza kifaa kinajuaje kwamba mtu amelala. Alisema hakijui hasa. Mtu akitulia kitandani, kinahesabu saa zote tangu kiwashwe. Nikamweleza kuhusu kesha. Akaweka kalamu chini.

"Sasa wewe ulilala masaa mangapi?"

Moja na nusu hivi. Akafungua ripoti tena. Pumzi ilikatika mara thelathini na mbili kwa jumla. Gawanya kwa saa nane za kifaa, unapata nne. Gawanya kwa saa moja na nusu yangu, unapata ishirini na moja. Nilimaliza hesabu hiyo kichwani kabla yake. Alisema kukisia hivyo hakutoshi, kipimo kirudiwe.

Nilimweleza Mama pale kwenye ngazi, tukarudi nyumbani. Kisha: "Elijah, kwani unataka kuwa mgonjwa?"

Nilimwambia nataka kujua.

Jumamosi, 9 Agosti

Shangazi amekuja. Amesimama mlangoni na mkoba wake.

"Kijana, umesoma mpaka unapinga uponyaji?"

"Shangazi, ni nyinyi mlionifanya nikeshe."

Sikuwa natania. Mama alikimbilia jikoni akiwa amefunika mdomo. Sijui kama alikuwa analia au anacheka. Shangazi hakunywa chai.

Jumapili, 10 Agosti

Waliniita. Pale mbele, maikrofoni ilikuwa na joto la mikono ya watu. Nilikuwa nimeandika maneno, yakapotea yote. Nikasema: nawashukuru mlioniombea. Sijapona. Kipimo kitarudiwa.

Nikairudisha maikrofoni. Mzee mmoja nyuma akasema Amina, taratibu, kama mtu asiye na uhakika kama inafaa. Pasta akasema tuendelee kumwombea kijana. Shangazi aliangalia dirisha.

Nilirudi kukaa kwenye benchi. Sijutii. Naandika tena: sijutii.

Jumatatu, 11 Agosti

Tulikuwa tukichambua sukuma wiki. Mama akasema, bila kuniangalia, kwamba anaogopa ile dawa ya kulaza mtu kabla ya kumpasua. Anaogopa nisiamke. Ile nne aliipenda kwa sababu haina kisu.

Wiki nzima nimemhesabu kuwa mpinzani wangu. Nimeona aibu. Lakini sikurudi nyuma. Nilimwambia hata nikilala kitandani kwangu hakuna anayejua kama nitaamka, amuulize Brayo. Aliacha kuchambua. Labda nilisema kwa ukali. Ni kweli, hata hivyo.

Jumatano, 13 Agosti

Kifaa kimerudi. Mama amefunga geti kwa kufuli jua likiwa bado juu. Shangazi alipiga simu, nami nikasikia upande wa Mama tu. Humwita kwa jina la bintiye.

"Hapana, Mama Sharon. Omba ukiwa huko huko Rhonda. Mungu anasikia."

Akazima simu kabisa. Mama, ambaye hajawahi kumkatalia Shangazi hata kikombe cha chai.

Ijumaa, 15 Agosti

Ishirini na tatu.

Hakuna aliyelia. Mama alisoma mara mbili, akanipa simu nisome mwenyewe, akaenda kuanua nguo. Baadaye alimpigia daktari. Operesheni ni Alhamisi ijayo. Shangazi amesema atakuja kukaa na Mama nje ya chumba cha upasuaji. Mimi hakunisalimu. Sawa.

Nimemwandikia Brayo asinunue pamba. Amejibu kwa kidole gumba tu.

Nilidhani nikiwa sahihi nitafurahi zaidi. Jioni Mama aliingia, akakaa ukingoni mwa kitanda. Alinifunika miguu na blanketi, ingawa hakuna baridi. Akatoka, akaacha mlango wazi kidogo.

Naogopa kile kisu. Nimekitaka mwenyewe, na bado nakitaka. Naogopa tu.