Neno Alilokataa Bi Mosi

Mzee Stambuli, wewe unayewajibu watu katika gazeti letu, shikamoo. Nakuandikia kutoka Morogoro, na barua hii itakuja kwako Dar es Salaam kwa gari la moshi, naomba uisome mpaka mwisho hata ukiiona ndefu, maana jambo lenyewe limenikaa kifuani tangu mavuno na hapa sina wa kumwambia, padri nimemwambia akanipa sala, nimesali, na jambo liko palepale.

Naitwa Dominiko, na jina langu usilifiche, kwa kuwa niliowakosea wananijua. Kwetu sikujui. Nilichukuliwa ningali mtoto nikapitishwa na msafara, mapadri wakanikomboa, nikalelewa misheni na kufundishwa kusoma na kuandika, na kila aliyeniuliza ukoo wangu nilimjibu sina ndugu, nikaendelea na kazi yangu. Mwaka ule wa njaa, watu wa milimani waliposhuka mjini wakiwa wanakula mizizi, nilikuwa mtunza ghala pale misheni, nikaona uji wetu hautoshi, nikaenda msikitini kuomba, nikaenda kwa Wahindi madukani kuomba, na Bwana Vinubhai ndiye wa kwanza aliyefungua gunia mbele ya macho yangu, basi tukaanzisha Chama cha Kibaba, kila nyumba yenye chakula itoe kibaba kimoja cha nafaka, Waislamu Ijumaa na Wakristo Jumapili, nami nikafanywa mkubwa wa chama. Sijisifu, mzee, lakini watu walipona.

Njaa ikaisha, mafukara hawakuisha. Bwana shauri, mkubwa wa wilaya, akaniita bomani, akasema anataka kuweka amri kwamba fukara wa kweli asamehewe kodi ya nyumba, asichukuliwe kazi ya barabara, tena apate posho ya nafaka kutoka chama changu, ila akaniuliza, huyo fukara wa kweli tutamjuaje? Na swali lake lilikuwa la haki, maana wakati wa njaa wakwe wa majumbe walisimama mstari mmoja na wajane, na vikapu vyao vilikuwa vikubwa kuliko vya wote. Akataka nimpe alama moja isiyodanganya. Nilifikiri siku moja tu, Mungu anisamehe, nikamwandikia kwamba fukara ni asiye na ndugu, ataitwa barazani mbele ya akida, atasema kwa kinywa chake, "Mimi sina ndugu," na baada ya hapo ataandikwa. Kwangu mimi neno hilo ni kama kusema sina kofia. Bwana shauri akafurahi kwa kuwa yalikuwa maneno machache.

Tukaijaribu amri katika nchi ya Akida Rehani, njia ya kupanda Mgeta. Wakaja wapagazi waliozeekea huku, na watu wa mbali waliotupwa na misafara kwa ugonjwa, wakalisema neno, wakaandikwa sitini na mmoja, na mpaka leo wanakula na kulala bila hofu. Lakini Waluguru wenyewe hawakusema. Wajane wazee walishuka mlima tangu alfajiri, wakalisikiliza swali, wakageuka wakapanda tena mlima na vikapu vitupu, nami nikasema hao ni wakaidi, nikasema kumbe wana chakula.

Halafu akaja Bi Mosi. Huyu ndiye aliyekuwa akipika uji wetu mwaka wa njaa, hali watoto wake wawili wameshazikwa na njaa ileile, na mpwa wake aliyebaki amekwenda kazi ya reli hajarudi wala hajatuma salamu. Bibi huyu ana mdomo, mzee. Tangu siku ya kwanza alikuwa akinitukana mbele ya watu, "Dominiko, kuku wa padri, umenona lakini hutagi," kwa sababu sijaoa, na mwendo wangu ananiigiza, na kusoma kwangu ananiigiza, na mimi nikidhani ananidharau kwa kuwa sina kwetu nilikuwa nacheka kidogo na kuinama juu ya sufuria, sikumjibu hata mara moja. Hata hivyo nilimpenda. Siku ile ya baraza nilifurahi kumwona, nikaliita jina lake mimi mwenyewe ili amalize upesi apumzike.

Nikamwambia, "Bibi, sema neno uandikwe."

Akasema, "Mama yangu kazikwa kule juu, bibi yangu kazikwa palepale, na mimi nitawekwa ubavuni mwao. Andika hivyo."

Nikasema, "Bibi, hayo kitabu hakiyataki. Nataka neno moja tu."

Akanitazama sana. Akasema, "Neno hilo baki nalo, Bwana Mkubwa," akajifunga nguo yake vizuri, akaondoka.

Baraza lilipokwisha, Akida Rehani akanivuta kando, akaniambia kwamba huku milimani mtu ni lukolo lake, yaani ukoo wa mama yake, ndio wenye shamba na ndio wenye makaburi, na asiye na lukolo ni mtu mmoja tu, mtumwa. "Umemwita bibi mzima mbele ya wajukuu wa watu ili aseme yeye ni mtumwa." Nikamuuliza kwa nini hakuniambia mapema. Akasema, "Nilidhani unajua. Wewe ndiye mwenye elimu."

Tangu siku hiyo tukikutana gulioni Bi Mosi hanitukani tena. Yeye, aliye sawa na mama yangu, anasimama kando ya njia na kuniamkia mimi, "Shikamoo, Bwana Mkubwa." Na juzi nimesikia ameuza jembe lake, mzee, jembe, na mvua za vuli ziko njiani, na nyumba yake imo katika daftari la kodi, asipolipa atapelekwa barabarani kuponda mawe.

Bwana shauri yuko safarini, atarudi mwisho wa mwezi ujao, na akirudi amri yangu itabandikwa na kusomwa wilaya nzima mpaka Gairo, na mimi nitapewa chumba bomani niwe msimamizi wa mafukara wote. Sitaki kukudanganya, kazi hiyo naitaka. Lakini nikinyamaza, wajane wa milima yote watafanywa kama alivyofanywa Bi Mosi, na nikisema alama yangu ni mbaya, naogopa bwana shauri atasema kumbe hata wewe humjui fukara, ataifuta amri yote na wale sitini na mmoja watarudishwa kwenye kodi na mawe kwa ajili ya ulimi wangu. Nifanye nini?

Ndimi, nisiye na ndugu,
Dominiko

JIBU LA MZEE STAMBULI

Marahaba, Dominiko. Barua yako nimeisoma mara mbili, na mara ya pili nilimsomea mke wangu, akaacha kuchambua mchele. Pole, bwana. Uliyoyapata utotoni hayakuwa makosa yako, na uji uliowatafutia watu mwaka wa njaa Mungu anaujua. Sasa nivumilie nikugombeze kidogo.

Umekaa na Waluguru miaka yote hiyo, umekula nao, umewazika, na hukuwauliza swali moja. Ulipotakiwa alama ya fukara, ulitazama ndani ya kifua chako, ukamkuta mtoto wa msafara, ukamwandika yeye. Unasema neno lile kwako ni kama kusema sina kofia. Mwongo wee! Umelirudia barua nzima, na mwisho ukalitumia kutia sahihi. Mtu hatii sahihi kwa kofia yake.

Haya, tusikilizane. Mimi ni Mzaramo, na Waluguru ni watani wangu, kwa hiyo nina ruhusa ya kusema kwamba hakuna watu wenye kiburi kama wao. Atakufa na njaa mlangoni, ukipita atakukaribisha ndani. Lakini watu hao hao wana dawa ya kiburi chao, nayo umepita mbele yake kila siku. Kila ukoo kule juu una watani wake. Jambo ambalo mwenyewe akilisema ni aibu, mtani akilisema ni kicheko. Mtani anaingia matangani akamtukana maiti, na waliofiwa wanamtilia wali.

Basi usimwite mjane barazani kusema lolote. Mwite mtani wake. Mwache mtani asimame aseme, "Huyu bibi msimwone kajifunga nguo safi, jikoni kwake paka kalala kwenye mafiga tangu juzi!" Watu watacheka, bibi atamtupia tusi lake, na wewe umeshapata unachotaka. Andika. Na akija mkwe wa jumbe na kikapu chake kikubwa, mtani huyohuyo atasema, "Mnampa nini huyu? Tumbo lake limefika barazani kabla yake!" Ile alama isiyodanganya ndiyo hiyo, na kumhonga mtani ni kazi bure, atakula hongo yako na kuitangaza.

Hofu yako juu ya bwana shauri ni nusu ya kweli. Mtu wa boma ukimpelekea kilio kitupu ataifuta amri, ili aondokane na kelele. Mpelekee kilio pamoja na dawa. Usimwambie, "Alama yangu mbaya." Mwambie, "Alama yangu ina mlango mmoja, nimeongeza wa pili." Wale sitini na mmoja wamepita mlango wa kwanza, neno lilikuwa lao na halikuwadhuru, waache humo humo na usiliguse jina la hata mmoja. Kwa wenyeji weka mlango wa mtani, na swali lisiwe nani ndugu yako, liwe jana jikoni kulipikwa nini. Jaribu mara moja kwa Akida Rehani kabla bwana shauri hajarudi, ili umwonyeshe watu walioandikwa, siyo mawazo. Na Rehani mwambie kwa salamu zangu kwamba aliyenyamaza akiwa anajua ana fungu lake katika kosa hili. Siku zote za kungoja, nyumba ya Bi Mosi isiguswe, hilo liko mikononi mwa akida huyo.

Kazi ya bomani ichukue. Unaitaka, na umekiri, nami mtu anayekiri nampenda. Akipewa mwingine ambaye hajawahi kuona vikapu vitupu vikipanda mlima, atawafanyia watu hivyo hivyo na atalala usingizi mzuri.

Lakini kabla ya hayo yote kuna safari ya mlimani. Nenda kwa Bi Mosi. Daftari liache. Jembe chukua, ila usimpe, maana ukimpa umemfanya fukara kwa mara ya pili. Fika asubuhi, mwamkie wewe kwanza, kwa sauti, jirani wasikie, kisha ingia shambani kwake ulime. Asipokusemesha siku ya kwanza, lima. Ya pili, lima. Kuomba radhi kwa maneno utaomba ukiulizwa.

Na sasa nikuambie jambo ambalo kusoma kwako kote hakujakufundisha. Ulidhani bibi yule anakudharau. Dominiko, mwanangu, mtu hamtanii asiye wake. Mgeni anapewa heshima, anapewa kiti, anaitwa Bwana Mkubwa. Mgeni haitwi kuku wa padri. Mwaka ule wa njaa, mwanamke aliyetoka kuzika watoto wake alikutazama, akaona kijana asiye na ukoo, akakupa utani palepale mbele ya watu, akikuambia kila siku juu ya sufuria kwamba unao wako, na wewe ukainamisha kichwa ukadhani unatukanwa.

Kwa hiyo lima, ukisikiliza. Siku moja kutoka mlangoni pake itakuja sauti, kwamba kuku wa padri analima kama anayetafuta yai lililompotea. Usicheke kidogo, wala usiiname. Safari hii mjibu.