Nimekunywa Maji Mbele ya Watu, Hawakuamini

Newala, Jumamosi, mwezi wa pili.

Ukungu uligoma kuondoka asubuhi yote. Jua lilipotoka, lilitoka na hasira zake, likanikuta na mimi nina zangu.

Leo sitaki kuandika kwa adabu. Nimechoka na watu wangu. Nawapenda, nitazikwa nao, lakini leo wamenichosha mpaka chakula nimekiangalia tu.

Kwa anayepita hapa mara ya kwanza: mimi ni fundi cherehani, na ni mmoja wa vijana wa kikundi cha amani cha mtaani kwetu. Tulikianzisha baada ya mechi ya mpira kuishia kwenye mapanga. Kazi yetu ni rahisi kuieleza: ugomvi ukianza kufuka moshi, tufike kabla haujawaka. Kuifanya ndiyo shughuli.

Masika haya kuhara kumeingia. Wengi tunakunywa maji ya mvua tuliyovuna kwenye visima vya nyumbani, na yakiisha tunanunua madumu yanayoletwa kwa pikipiki, hatuulizi yametoka bonde gani. Basi vijana wa kujitolea, pamoja na kikundi chetu, wakapewa vidonge vya kutibu maji wavigawe nyumba kwa nyumba. Mmoja wao ni Nikodemu, kijana wa Kimakua kutoka Lulindi. Mpole, mwanakwaya, anamwamkia shikamoo hata anayemzidi mwaka mmoja.

Halafu ikaingia ile sauti kwenye simu. Mwanamke asiyejulikana ananong'ona kwamba vidonge ndivyo vinavyoleta ugonjwa, na kwamba vimeanza kugawiwa kwa Waislamu ili tupungue. Mimi ni Mwislamu. Kwa macho yangu nimeona vidonge hivyo hivyo vikigawiwa kwa Wakristo ng'ambo ya barabara, siku ileile moja na sisi. Nikarekodi sauti yangu kujibu, nikaeleza kila kitu, nikaituma kwenye magrupu yote. Nikajibiwa nini? Dada, tuma fupi.

Uongo ulikuwa mrefu kama hotuba ya harusi na waliusikiliza mpaka mwisho.

Mchana nikiwa nabadilisha zipu ya mteja, mwenzangu wa kikundi akapiga simu. Nikodemu amezingirwa kwa Baba Shadya, njoo upesi. Niliacha suruali kwenye mashine nikakimbia.

Nilivyoelezwa baadaye, ilikuwa hivi. Baba Shadya ni dereva wa bodaboda na alikuwa kijiweni. Nikodemu alipofika nyumbani kwake na vidonge, akamkuta Shadya, mtoto wa miaka mitatu, amelegea kwa kuhara. Akachanganya sukari na chumvi kwenye maji yaliyochemshwa, akamwonyesha mama jinsi ya kumnywesha kwa kijiko, akamsihi ampeleke hospitali. Jirani akachungulia uani akaona unga mweupe unaingia kwenye kikombe cha mtoto. Hakuuliza ni nini. Alipiga yowe.

Mpaka Nikodemu anaaga, njia ilikuwa imejaa watu. Jiwe likampasua sikio. Mama Shadya ndiye aliyemvuta ndani ya ghala la korosho, akafunga komeo, akakaa kizingitini na mtoto wake mapajani.

Hivyo ndivyo nilivyomkuta. Mbele yake wamesimama vijana, wengi rika langu, wengine suruali zao za Idi nimewashonea mimi. Mmoja ana dumu la petroli. Baba Shadya yuko mbele, ameshafika kutoka kijiweni, macho mekundu. Alikuwa ameambiwa mwanawe amewekewa dawa.

Nilimpigia mwenyekiti wa mtaa. Hapatikani. Nikawapigia polisi, wakasema wanakuja.

Nikajaribu utani, maana Mmakonde na Mmakua ni watani, tunazikana na kutukanana bila kugombana. Nikawauliza tangu lini Mmakua akaweza kuua mtu, na kuku wake mwenyewe anamwomba jirani amchinjie. Wawili watatu wakacheka. Nikadhani nimepata upenyo. Kisha sauti ya nyuma ikasema huu si wakati wa utani, na vicheko vikafa.

Basi nikachukua kidonge kimoja cha vile alivyoachiwa Mama Shadya, nikakitia kwenye ndoo ya maji mbele yao, nikaeleza kinavyofanya kazi, tukasubiri. Ulikuwa muda mrefu kuliko yote niliyowahi kusimama kimya mbele ya watu. Nikachota kikombe, nikanywa. Nikachota cha pili. Tumbo likajaa, nikanywa cha tatu.

Unajua walisema nini? Eti mimi nimeshapewa dawa ya kinga.

Sasa mtu wa namna hiyo unamjibu nini? Nisingekunywa, ningekuwa naogopa. Nimekunywa, nimekingwa. Ningeanguka pale pale wangesema tuliwaambia. Nilitamani kuwamwagia ile ndoo vichwani.

Lakini ndipo yule mwenye dumu akasema neno lililonitoa hasira na kunitia hofu. Alisema wakishamalizana na huyu wa ghalani, wanavuka barabara.

Hakuna aliyeuliza kuna nini ng'ambo ya barabara. Tunajua wote. Kuna nyumba za watu tunaokwenda nao sokoni, tunaokopeshana nao chumvi.

Sasa Mama Shadya akasimama. Hakupaza sauti.

"Mnataka kumtoa, mtoeni," alisema. "Ila mlango uko nyuma yangu, na mimi nina mtoto mgonjwa mkononi. Nani ananishikia?"

Akamnyooshea yule wa dumu mtoto. Kijana akarudi nyuma. Akamnyooshea yule jirani aliyepiga yowe. Jirani akaficha mikono ndani ya khanga. Mama akageuka huku na huku, Shadya amelala mikononi mwake kama nguo iliyofuliwa, na kila alipogeukia watu walisogea. Wote wale waliokuja kwa ajili ya mtoto, hakuna aliyethubutu kumgusa mtoto.

"Haya, Baba Shadya," alimwambia mumewe. "Basi wewe."

Akampokea. Nilimwona anavyopima uzito wa mwanawe kwa mikono, na uso wake ukabadilika. Tangu afike alikuwa hajamtazama. Alikuwa anautazama mlango.

Nikamwambia, "Pikipiki yako ile pale. Twende hospitali, nitamshika mimi."

Akatazama ghala, akamtazama mkewe. Mama Shadya akakaa tena kizingitini.

"Nendeni," alisema. "Mimi siondoki hapa mpaka watu waondoke."

Nikapanda. Sijawahi kuacha mahali kwa moyo mzito vile. Namwacha mwanamke peke yake na komeo moja, mtoto wake nimembeba mimi, na mgeni wa watu yuko gizani anatokwa damu. Njia nzima Baba Shadya aliendesha bila kupunguza mwendo. Mimi nilikuwa naweka mkono puani kwa Shadya kusikia kama bado anapumua.

Hospitali walimtundikia dripu mara moja. Muuguzi aliuliza nani alimpa maji ya sukari na chumvi nyumbani, maana bila hayo tungemfikisha na hali nyingine. Nilimtazama Baba Shadya. Akatazama viatu vyake.

Kule nyuma, nimeambiwa, baba wa mtoto alipoondoka watu walikosa la kusimamia. Walianza kupungua mmoja mmoja, kila mtu amekumbuka ana kazi. Polisi walipofika walikuta watu wachache na Mama Shadya. Wakamtoa Nikodemu salama. Hakuna aliyevuka barabara.

Unadhani kuchoka kwangu kuliishia hapo? Mwenyekiti akapatikana. Akaja hospitali na shati limepigwa pasi, akataka tupige picha ya pamoja ya upatanisho, kikundi chetu na Baba Shadya, ya kuonyesha mtaa wetu una amani. Nilimwambia kwa heshima zote kwamba mtoto bado ana sindano mkononi. Akasema basi tusogee kidogo, dripu isionekane.

Nilitoka nje nikakaa chini ukutani.

Nikodemu alinipigia akiwa kituo cha basi. Sikio limeshonwa. Alisema anarudi Lulindi, mama yake amemwita. Sauti yake ilikuwa ileile ya upole, na hiyo ndiyo iliyoniumiza zaidi. Sikumwomba abaki. Ningemwomba kwa uso gani? Nilimwambia pole, akasema asante dada, akauliza mtoto anaendeleaje.

Jioni nilirudi wodini. Mama Shadya alikuwa ameshafika, amelala usingizi ameinamia kitanda cha mwanawe. Baba Shadya akanifuata kwenye korido. Nilikuwa na maneno yangu nimeyapanga tangu mchana, makali, yote yanamstahili.

Alinitangulia. "Mimi sijasema nimeviamini vidonge vyenu," alisema.

Akatazama mlango wa wodi.

"Ila kakojoa."

Alilisema lile neno kama mtu anayetangaza mtoto amezaliwa. Kakojoa. Maji yamerudi mwilini. Maneno yangu yote makali yakapotea, nikabaki nimesimama kama mjinga, machozi yananitoka kwa habari ya mkojo.

Nilimwambia kuna mtu Lulindi anayestahili kusikia hilo kuliko mimi. Akatoa simu, akaniomba namba. Nimempa. Kama atapiga, sijui.

Kesho nazichukua nyumba alizobakiza Nikodemu. Nitaanza na yule jirani aliyechungulia uani. Safari hii hakuna kifuniko cha kisima kitakachofunguliwa kutiwa kidonge kabla hatujakaa, tukasemeshwa, tukatukanwa ikibidi, tukaulizwa kila swali. Labda hilo ndilo tulilokosa kulifanya tangu mwanzo, wote, waliotutuma na sisi tuliotumwa.

Najua nitakachomwambia. Nisichokijua ni kimoja: akinifungia mlango usoni, je, nitakuwa na subira ya kubisha hodi mara ya pili?