Matiti ya Mtoto Yasikamuliwe

Silanga, Kibera
Jumanne, tarehe 14 Mei. Asubuhi manyunyu na baridi, nepi hazijakauka.

Mama mpendwa,

Mguu wako unaendeleaje, na mahindi yameota? Huku tu wazima. Mjukuu wako ananyonya vizuri na kitovu kimeanguka.

Naandika kwa sababu juzi kwenye simu ulipandisha sauti kabla sijakueleza. Uliposikia matiti ya huyu kijana wangu mchanga yamevimba na kutoa tone la maziwa, uliniambia niyakamue. Sijayakamua.

Jirani yangu Mama Shiro, anayeuza makaa, yuko upande wako. Alikuja ameshanawa mikono. "Leta huyo kijana nimkamue. Ama unataka akue akivaa sidiria?" Baba mtoto akacheka, kisha akaniambia nimpe. Nikasema kesho, na kesho yake nikampeleka kliniki.

Nesi alimkagua. Hakuwa na joto wala wekundu. "Usikamue, mama. Huyu ni mtoto, si ng'ombe wa gredi wa maziwa."

Alinieleza kwamba wakati wa mimba kondo la nyuma hutengeneza homoni nyingi iitwayo estrojeni, na tezi za mtoto mwenyewe ndizo hutoa malighafi. Homoni hiyo hukuza mfuko wa uzazi, husaidia damu kufika kwenye kondo na huandaa matiti ya mama kunyonyesha. Sehemu yake humfikia mtoto, naye matiti yake huvimba pia.

"Lakini si ni homoni ya wanawake?" nikauliza.

"Tumboni wavulana na wasichana wote wanapakuliwa kutoka sufuria moja," akasema. "Kondo likitoka, homoni inapungua. Baada ya wiki chache uvimbe utaisha wenyewe. Ukikamua, unaingiza vijidudu, jipu linatokea."

Hapo nilikumbuka kovu la ndugu yangu Wafula kifuani. Wewe mwenyewe ulituambia ni jipu la uchanga. Sikulaumu, Mama, nawe ulifanya ulivyoambiwa na bibi yetu, Kukhu.

Ulisema nimesoma na sasa nakudharau. Beseni jipya liko chini ya kitanda, halijaguswa, linakungoja. Njoo umwogeshe kama ulivyowaogesha wajukuu wote. Ila kifuani pitisha maji tu.

Nisalimie Baba, Wafula na mkewe, na shangazi wa kanisani aliyeniombea.

Jioni hii upande wa kushoto umeanza kulainika. Nalala saa nne na robo usiku. Hakuna aliyemkamua.

Binti yako,
Nekesa